Pipa Lililobisha Hodi

Ilikuwa Jumanne, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Jua lilikuwa kali, upepo haukuwepo, na mbingu ilikuwa imepauka kama shuka lililofuliwa miaka mingi. Mwalimu alisimama mlangoni mwa ghala la baba yake akiwa ameshika kikombe cha chai. Alikuwa amefika nyumbani asubuhi hiyo kwa likizo ya shule, na hakuwa ameingia ghalani tangu siku ya kufunga mavuno.

Ndani, baba yake alikuwa akizungumza na mtu.

"Wameipaka shule rangi ya kijani," alikuwa akisema, kwa sauti ya chini ya mtu aliyeketi karibu na mwenzake. "Kijani cha chura. Ungeiona ungecheka mpaka ushike mbavu. Na binti yako amekuja leo. Amekonda."

Mwalimu alichungulia. Baba yake alikuwa peke yake. Alikaa kwenye kigoda, bega lake likiegemea pipa kubwa la bati lililomfika mtu mzima kifuani. Zaidi ya pipa hilo ghalani hapakuwa na kitu ila ungo uliotundikwa ukutani, turubai lililokunjwa na mizani yenye kutu.

Kimya kilipita, urefu wa pumzi tatu au nne. Kisha pipa likajibu.

Ngo. Ngo. Ngo.

Chai ilimmwagikia Mwalimu vidoleni na hakuhisi moto wake. Milio ile ilitoka ndani ya bati, taratibu, kwa nafasi sawa, kama ya mtu mwenye adabu anayebisha hodi huku akijua kwamba atafunguliwa.

"Ingia, mama," baba yake alisema bila kugeuka. "Usisimame mlangoni. Mama yako hapendi mtu wa kusimama mlangoni."

Mama alikuwa amefariki miezi minane iliyopita.

Nyumbani walimwita Jino, na jina hilo lilikuwa la heshima. Kila mwaka, dengu zilipokwisha kupurwa, kupepetwa na kuanikwa juani siku nne au tano, yeye ndiye aliyeamua kama zimekauka. Aliokota punje tatu: moja katikati ya turubai, moja pembeni, moja chini kabisa. Aliziuma moja moja, watu wote wakiwa kimya. Dengu yenye unyevu hubonyea chini ya jino. Dengu iliyokauka hupasuka kwa mlio, ka!, na mlio huo ndio uliokuwa ruhusa ya kujaza pipa. Baada ya hapo mshumaa uliwashwa juu ya dengu, kifuniko kikafungwa na kuzungushiwa mpira, na mwali ukala hewa iliyobaki mpaka ukafa wenyewe. Fukusi hawaishi pasipo hewa. Pipa likishafungwa halikufunguliwa kabla ya miezi mitatu kwisha. Hata hivyo Mama hakulisahau. Kila alasiri alipita ghalani, akaligonga mara tatu kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa, akasikiliza, kisha akaenda kwenye shughuli zake.

Mbegu pia ilikuwa yake. Kwa misimu kumi na tisa alichagua kwa mkono punje kubwa kubwa, akazitenga na kuzipanda tena, mpaka dengu zake zikawa na umbo ambalo hakuna jirani aliyekuwa nalo. Alipofariki, walipanda akiba yake yote. Magunia saba waliyovuna yalikuwa ndani ya pipa hili moja, chakula na mbegu pamoja. Hapakuwa na punje nyingine ya Mama popote.

Siku ya kufunga, wiki sita zilizopita, kila mtu alijua ni nani hayupo. Mwalimu, aliyefundisha kemia, alikuja na chupa kavu na chumvi kavu. Alieleza kwamba dengu na chumvi hutiwa chupani, chupa hutikiswa, kisha huachwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, dengu bado zina maji. Baba yake alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nyumba hii hupima kwa jino," alisema.

Akaokota punje tatu, akauma. Wote walisikia: ka, ka, ka. Mwalimu alirudisha chupa mkobani. Mtu hambishii baba yake mbele ya shangazi yake, tena siku anapojaribu kukaa mahali pa marehemu.

"Tangu lini?" Mwalimu aliuliza jioni ile ya Jumanne.

Walikuwa watatu barazani. Mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu alichomelea kila kitu chenye bati, alikuwa ameketi kwenye ngazi. Shangazi yao, dada wa baba, alikuwa akichambua mboga bila kuzitazama.

"Wiki ya tatu hii," Fundi alisema. "Saa tisa na nusu, haikosi. Siku hizi Baba hata chakula cha mchana hamalizi. Anawahi miadi."

"Miadi!" Shangazi alicheka. "Enzi za uchumba kaka yangu alikuwa anachelewa kila siku. Wifi kamngoja juani mpaka kababuka. Leo wifi kawa pipa, ndiyo anawahi!"

"Shangazi, jamani."

"Nini? Nisicheke? Nikiacha kucheka nitalia, na mimi nikianza kulia hakuna wa kuninyamazisha. Nyie wote mnanijua."

"Bati hupanuka likipata joto," Mwalimu alisema. "Saa tisa na nusu jua linaingia dirisha la magharibi, linapiga ubavu wa pipa. Huo ndio mlio."

"Dada, hilo pipa nimelitengeneza kwa mikono hii. Mwaka wa nne sasa. Dirisha ni lile lile, jua ni lile lile. Mwaka jana liligonga? Mwaka juzi?"



"Na kwa nini tatu?" Shangazi aliuliza. Safari hii hakucheka. "Jua linajua kuhesabu?"

Jumatano asubuhi, baba yake alipokuwa akioga, Mwalimu aliingia ghalani peke yake. Hewa ya chumba ilikuwa baridi, kwa kuwa jua lilikuwa bado upande wa pili wa nyumba. Aliweka kiganja juu ya pipa.

Pipa lilikuwa na joto.

Alizunguka akagusa upande wa ukutani, ambako jua halifiki kamwe. Huko nako palikuwa na joto, la wastani, kama la ubavu wa ng'ombe aliyelala. Aliinama kwenye ukingo wa kifuniko akanusa. Harufu ilikuwa ndogo, lakini aliitambua: harufu ya unga uliochachuka. Punje mbichi hupumua. Zikipumua hutoa joto na mvuke, na mvuke huzaa ukungu. Kila siku moja zaidi ilikuwa siku moja ya kuoza kwa mbegu ya Mama.

"Toa mkono."

Baba yake alikuwa mlangoni, taulo begani, maji yakimchuruzika shingoni.

"Shikamoo, Baba. Pipa lina joto."

"Mtu akiwepo lazima pawe na joto."

Aliyasema maneno hayo kwa utulivu, na utulivu huo ulimtisha Mwalimu kuliko milio ya jana.

"Baba, nadhani dengu hazikukauka vizuri. Tufungue leo. Tukikuta ziko salama tutafunga tena, mimi mwenyewe nitawasha mshumaa."

"Hazikukauka? Niliuma. Ulisikia."

"Nilisikia."

"Basi." Alikuja akasimama kati yake na pipa. "Sikiliza, mwanangu. Miezi mingi nilikaa nyumba hii nikazungumza peke yangu, nikajijibu peke yangu. Sikumwita mtu. Amekuja mwenyewe, kwa saa yake, kwa mkono wake ule ule. Sasa wewe unataka nifungue kifuniko, atoke, aende zake? Sithubutu."

Mwalimu alimfuata Fundi karakanani kwake, akamweleza yote: joto, harufu, ukungu. Fundi alizima mashine, akavua miwani ya kuchomelea, akajifuta jasho.

"Nakuamini, Dada. Lakini mimi simvunjii Baba kifuniko. Aniambie mwenyewe, hata sasa hivi naja na nyundo. Asiponiambia, sigusi."

"Mbegu itakufa."

"Na Baba je? Umemwona alivyokuwa kabla ya wiki hizi tatu? Hukumwona wewe. Ulikuwa shuleni."

Maneno yale yalimchoma, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Alirudi nyumbani kwa miguu, akitafuta njia ya kulifungua pipa bila kumnyang'anya baba yake kitu pekee kilichomrudishia sauti. Saa tisa na robo alibeba kigoda cha pili, akaingia ghalani, akaketi kando ya baba yake.

Baba alimtazama kwa shaka, kisha akasogea kumpa nafasi.

Walikaa. Ukanda wa jua uliingia dirishani, ukatambaa sakafuni, ukaanza kupanda ubavu wa pipa. Mwalimu aliukumbuka mkono wa mama yake, kifundo kile kilichovimba kidogo, na jinsi alivyofumba macho baada ya kugonga. Aliwahi kumuuliza, akiwa mtoto wa miaka sita, kwa nini analigonga pipa la zamani. Jibu lilikuwa limelala kichwani mwake miaka yote, na sasa liliinuka.

"Baba," alisema, "Mama alipokuwa akigonga pipa, alikuwa anamsalimu nani?"

"Hakuwa anasalimu," baba yake alijibu mara moja. "Alikuwa anauliza."

"Anauliza nini?"

"Kama zimetulia."

"Na akiona hazijatulia?"

"Anafungua. Mwaka ule mvua iliyochelewa ilitukuta tumeanika, alinifuata mpaka shambani. Akaniambia, twende tufungue, zinapumua. Nilimbishia. Tulipofungua..."

Mwalimu alikuwa ameiandaa sentensi iliyofuata njiani, kwa uangalifu, kama anavyoandaa somo. Aliisema.

"Basi wiki tatu anakuuliza, Baba. Nawe unamsimulia rangi ya shule."

Alidhani anatumia hila. Lakini sentensi ilipotoka, alitambua kwamba aliamini kila neno.

Pipa likagonga. Siku hiyo milio haikuwa na nafasi sawa wala adabu. Ilikuja mitatu kwa mfululizo, ngo-ngo-ngo, kama ya mtu aliyechoka kusimama nje.

Baba aliinuka.

"Mwite mdogo wako," alisema.

Fundi alikata mpira kwa kisu, akagonga kifuniko pande zote, akakiinua. Pumzi ya moto ilitoka pipani ikawapiga nyusoni. Shangazi, aliyekuja mbio na mikono yenye unga, alifunika pua kwa kanga. Upande wa ndani wa kifuniko ulikuwa umejaa matone, yakidondoka moja moja. Juu ya dengu palikuwa na gamba la ukungu, jeupe katikati na la kijani pembeni. Kipande cha mshumaa kilikuwa kimelala juu yake, nacho kimeota manyoya.

Fundi akaanza kujitetea kabla hajashtakiwa.

"Kifuniko hakikuvuja. Mpira mmeuona wenyewe, ulikuwa mzima."

"Hukukosea," Mwalimu alisema. "Pipa lako limefanya kazi vizuri mno. Limefungia maji ndani."

"Maji gani?" Shangazi aliuliza. "Si aliuma? Si tulisikia sote, ka, ka, ka?"

Wote walimgeukia Baba.

Baba aliingiza vidole kinywani, akatoa meno yake ya juu, kisha ya chini. Mashavu yalimdidimia, na mara moja akazeeka miaka kumi. Aliyashika meno yale mikononi, akayagonganisha.

Ka. Ka. Ka.

Mwalimu mwenyewe ndiye aliyempeleka kwa daktari wa meno, miezi miwili baada ya mazishi. Yeye ndiye aliyemshikia koti huku meno yake ya mwisho yakitolewa. Alimuuliza daktari kama mgonjwa ataweza kula nyama, namna ya kuyasafisha, na yatadumu miaka mingapi. Hakuna aliyekumbuka, yeye wa kwanza, kwamba meno ya bandia hayasikii.

"Niliuma, sikusikia kitu," Baba alisema. Bila meno sauti yake ilikuwa laini, kama ya mtu anayeongea akiwa chini ya blanketi. "Sikujua zimebonyea au zimepasuka. Nikaona mmenyamaza, mnanitazama. Nikasema zimekauka."

"Ungetuambia tu, Baba."

"Niwaambie nini? Kwamba Jino hayupo, na aliyekaa mahali pake ni kibogoyo?"

Matone yaliendelea kudondoka kutoka kwenye kifuniko.

"Kaka," Shangazi alisema hatimaye, "ungeniita mimi pembeni. Mimi bado ninayo saba, na mawili kati yake yanakutana."

Baba alimtazama dada yake. Alianza kucheka, mdomo mtupu, bila sauti, mabega yakimtikisika. Ilipita muda kabla hawajatambua kwamba hakuwa anacheka tena. Fundi aliweka kisu chini, akamshika mkono.

"Amekwenda?" Baba aliuliza, akilitazama pipa lililo wazi.

Fundi hakumwachia mkono.

Walifunga vitambaa vilivyoloweshwa puani, wakaanza kuchota. Mwalimu alitoa amri, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile hakuomba radhi kwa kutoa amri. Gamba la juu lilikwenda kwenye gunia la kutupa. Tabaka lililogusa bati, pande zote, lilifuata. Kadiri walivyoingia katikati, ndivyo dengu zilivyozidi kuwa safi: zenye joto, zenye unyevu, lakini za rangi yake.

"Hizi za kutupa nipe mimi," Shangazi alisema. "Kuku wangu watashukuru."

"Hapana, Shangazi. Ukungu huu una sumu. Hata ukichemsha siku nzima haitoki."

"Kuku wangu hawajasoma chuo. Watajuaje?"

"Watajua wakifa. Na wewe utajua ukila mayai yao."

Shangazi alilisukuma gunia mbali naye kwa ncha ya kiatu.

Walizitandaza zilizobaki juu ya turubai uani, kwa tabaka jembamba, kina cha kidole kimoja. Jua lilikuwa limeinama. Mwalimu alipiga magoti, akaokota punje moja iliyokuwa kubwa kuliko nyingine, akaigeuza kiganjani. Umbo lilikuwa lile lile, kichwa cha ndege chenye mdomo mdogo. Aliiweka kati ya magego yake, akauma. Ilibonyea bila mlio. Akaitema.

"Bado," alisema.

"Bado," Baba aliitikia nyuma yake, kama mtu anayepokea salamu.

Baada ya hapo kila mtu alifanya lake.

Fundi alichimba shimo nyuma ya nyumba, akafukia magunia mawili na nusu. Alilisugua pipa ndani na nje, akaliacha juani siku mbili, akabadilisha mpira, kisha akalihamishia kwenye ukuta usiopata jua.

Shangazi alikaa kando ya turubai siku tatu. Alichambua punje kwa punje, akatupa zote zenye doa au zilizokunjamana, akatenga kubwa kubwa kwa ajili ya mbegu. Alilalamikia mgongo wake muda wote na hakukubali kusaidiwa.

Mwalimu alitikisa chupa yake ya chumvi kila jioni. Alhamisi chumvi iliganda kwenye kioo. Ijumaa iliganda kidogo. Jumamosi iliporomoka yote. Aliwaita wote, akawaonyesha chupa, kisha akauma punje tatu mbele yao, zikapasuka. Jumapili dengu zilirudishwa pipani, akawasha mshumaa juu yake, akafunga kifuniko. Punje mia moja alizifunga katika kitambaa chenye maji. Zilichipua sitini na moja. Kopo moja alilipeleka maabara ya mazao, akakataza mtu yeyote kula hata punje mpaka jibu lije. Jibu lilikuja baada ya siku nane: dengu za katikati zilikuwa salama. Likizo ilipokwisha alirudi kazini. Huko, ikifika saa tisa na nusu, husimamisha somo kidogo, wala hawaelezi wanafunzi sababu.

Baba aliiacha chupa ya chumvi juu ya dirisha la ghala, mahali pa kuonekana. Kila siku saa tisa na nusu huingia ghalani, huvua meno na kuyatia mfukoni, hugonga pipa mara tatu kwa kifundo cha kidole, na huinamisha kichwa akasikiliza. Limetulia. Halijamjibu tangu siku ile. Hukaa hapo mpaka ukanda wa jua utoke sakafuni, kisha hufunga mlango taratibu, kama mtu anayemwacha mwingine amelala.